Je, Wajua? Udongo, Nguva na Shaba katika Mikono ya Wangechi Mutu

Je, wajua kwamba uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, ulikaa na vidaka vitupu kwa miaka 117? Msanifu Richard Morris Hunt alivichora vidaka hivyo akikusudia viwekwe sanamu. Sehemu hiyo ya jengo ikakamilika mwaka 1902, sanamu hazikuja. Vizazi kwa vizazi vya wageni vikapanda ngazi zile kwenda kutazama hazina za dunia ndani, na nje nafasi nne zikabaki zinangoja. Zilijazwa Septemba 2019, na aliyezijaza ni mzaliwa wa Nairobi: Wangechi Mutu.

Aliweka humo wanawake wanne wa shaba, wameketi wima, wakubwa kuliko binadamu wa kawaida. Miili yao imezungushiwa misokoto iliyopangana kutoka shingoni kushuka chini, hata usiweze kusema kama ni vazi, ni ususi wa kikapu au ni magamba. Kila mmoja ana sahani ya duara kichwani au usoni, imeng'arishwa kama kioo, na jua likiipiga mwanga unaonekana tangu barabarani.

Lakini kitu cha kutazama zaidi ni kile wasichokifanya. Hawakubeba chochote. Ukienda Athens utawaona wanawake wa mawe walioshikilia paa la hekalu kwa vichwa vyao tangu karne ya 5 kabla ya Kristo. Ukija Kongo, Waluba walichonga viti vya enzi ambavyo mtawala alikalia juu ya kichwa na mikono ya mwanamke. Mutu alizisoma desturi zote mbili, ile ya Ugiriki na ile ya Kongo, kisha akawatua wanawake wake mzigo na kuwapa nafasi ya kuketi. Hata jina la maonyesho hayo lilisema kwamba hawa wapya ndio watakaotukomboa.

Waliomfahamu kwa mara ya kwanza siku hiyo huenda walidhani ni msanii wa kusubu shaba. Wangekosea kwa mengi. Amekata na kubandika karatasi kuwa kolaji, amechora kwa wino, amefinyanga, amesuka, amepiga filamu, ameimba, na amekanda tope. Nionavyo, njia nzuri ya kumfuata ni kuuliza swali moja mbele ya kila kazi yake: kitu hiki kimetengenezwa kwa nini, na hicho kilichotumika kimetoka wapi? Ukiuliza hivyo utaona safari. Kwanza asili anaipata kwenye karatasi, ikiwa imepigwa picha na watu wengine. Baadaye anaishika kwa mikono yake.

Je, wajua kwamba kuna karatasi isiyokunywa wino? Tunaiita karatasi kwa mazoea tu. Mylar ni utando mwembamba wa plastiki ya poliesta. Tone la wino likidondoka juu yake halizami. Hukaa juu, husambaa polepole, hujikusanya pembezoni, na maji yanapokauka huacha madoa na michirizi inayofanana na kuvu kwenye gome la mti, au ngozi yenye maradhi, au petali za ua lililoanza kunyauka. Mutu alifanya kolaji zake nyingi za miaka ya 2000 juu ya utando huo. Mchoraji mwingine angehangaika kuutiisha wino. Yeye aliuachia ufanye kazi ambayo maji hufanya kwenye mawe na matope, kisha akaja na mkasi.

Alichokikata kilitoka kwenye majarida: ya mitindo, ya pikipiki, ya wanyama na safari, National Geographic ikiwemo. Mguu wa mwanamitindo anauunga na kwato. Sehemu ya injini inakuwa nyonga. Mbawa, manyoya, macho ya mnyama, midomo iliyopakwa rangi, vyote vinakutana katika mwili mmoja wa mwanamke, naye anachuchumaa kichakani au anaruka. Ukisimama mbali unaona ua. Ukisogea, unaona jeraha. Ukisogea zaidi unaona kwamba vipande vile ni vya majarida yaleyale yaliyoizoesha dunia kuitazama Afrika kama mahali pa wanyama, na mwanamke wa Kiafrika kama kitu cha kupigwa picha.

Kolaji haidai tanuri wala karakana kubwa, na kwa msanii kijana katika jiji la ghali hilo si jambo dogo. Mutu alikuwa amesoma Wales, kisha Cooper Union, New York, alikohitimu mwaka 1996, halafu Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 2000, katika fani ya uchongaji. Ni mchongaji, basi, aliyejulikana kwanza kwa karatasi. Tena kwa miaka mingi mambo ya hati za uhamiaji yalimzuia kutoka Marekani. Hili hunigusa kila nitazamapo kolaji za kipindi hicho. Mimea na wanyama waliomo ni wa mtu aliye mbali na kwao, anayeipata savana yake kwenye duka la majarida ya zamani.

Kati ya kazi hizo kuna mfululizo mmoja wa kolaji 12 ambao haumtoki mtu akilini. Alichukua kurasa za michoro ya kitabibu ya zamani kuhusu uvimbe wa mfuko wa uzazi, michoro iliyoandaliwa kwa ajili ya madaktari, na juu ya kila ukurasa akajenga uso. Uvimbe ukawa shavu, ukawa paji, ukawa nywele. Mchoro wa ugonjwa usio na jina la mgonjwa ukapata macho, na macho hayo yanamrudishia daktari kutazama kwake.

Je, wajua kwa nini udongo wa Nairobi huacha alama nyekundu kwenye viatu, soksi na kuta? Ni chuma. Mawe ya volkano yaliyomeng'enywa na mvua na joto kwa muda mrefu sana hupoteza madini yanayoyeyuka kwa urahisi na kubaki na oksidi za chuma, ndugu wa kutu. Watoto wa Nairobi wameufinyanga udongo huo kuwa magari na vyungu vya mchezo tangu zamani, na mama zao wameulaani siku za kufua.

Mutu alipoanza kurejea Kenya na kufanya kazi huko, udongo huo uliingia moja kwa moja katika sanaa yake. Siku hizi anagawa muda wake kati ya Nairobi na New York, na tofauti inaonekana kwa macho. Sanamu zake ziitwazo Sentinel, yaani walinzi, zimejengwa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na rojo ya karatasi na gundi ya mbao juu ya mifupa ya matawi. Mti wenyewe ndio unaoamua mkono uende wapi. Tawi lililopinda linakuwa kiuno kilichopinda. Pembe na kauri hujitokeza mahali ambapo mchongaji mwingine angechonga pua au kidole. Nyufa anaziacha, kwa sababu udongo ukikauka hupasuka, na ngozi ya ardhi wakati wa kiangazi ndivyo ilivyo.

Mwaka 2017 alifanya maonyesho New York katika nyumba ya sanaa ya Gladstone, akayapa jina la Kigikuyu, Ndoro na Miti: matope na miti. Humo mlikuwa pia na matufe yenye vinundu, kila moja likifuata umbo la kirusi cha ugonjwa. Kirusi nacho ni sehemu ya maumbile, na umbo lake lina ulinganifu ambao fundi wa ushanga angeuonea wivu. Miaka mitatu baadaye dunia nzima ikawa inaijua sura ya kirusi kimoja kutoka kwenye kila gazeti.

Hapa niseme kidogo juu ya Mkenya mwingine, kwa sababu chuma kile kile kina mengine ya kutuambia. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga vyungu vyake bila gurudumu, akipandisha kuta kwa mikono, kisha husugua uso wake hadi ung'ae. Akikichoma chungu palipo na hewa ya kutosha, chuma kilichomo hukifanya kiwe chekundu cha machungwa. Akikichoma tena katika tanuri lililonyimwa hewa, huku kuni na majani yakitoa moshi, chungu kilekile huwa cheusi. Rangi zote mbili zilikuwamo ndani ya udongo tangu mwanzo, na moto ndio unaochagua.

Je, wajua kwamba ndugu wa karibu wa nguva walio hai nchi kavu ni tembo? Nguva wa kweli, yule mnyama, hula nyasi za baharini kama ng'ombe alavyo malishoni, hadi kilo 40 kwa siku, na huacha mitaro mchangani pale alipopita akilisha. Hufikia urefu wa mita 3. Huweza kuishi hata miaka 70, lakini jike huzaa mtoto mmoja tu kwa wakati, na kati ya mtoto na mtoto hupita miaka kadhaa. Huhitaji kuja juu kuvuta hewa, na humnyonyesha mtoto wake kwa matiti yaliyo karibu na makwapa. Mabaharia waliomwona kwa mbali, jioni, wakamfanya mwanamke.

Pwani yetu haikuhitaji mabaharia wa nje kuisimulia habari hiyo. Watu wa visiwani wamekua na nguva wawili. Wa kwanza ni mnyama, aliyenaswa nyavuni na kuliwa. Wa pili ni mwanamke mwenye mkia wa samaki, mzuri na wa hatari, anayewavuta watu wasirudi. Wa kwanza amebaki nadra mno upande wetu wa Bahari ya Hindi. Kundi kubwa linalotegemewa liko Bazaruto, Msumbiji. Tanzania wameonekana wachache katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na Kenya kuelekea Lamu na Kiunga. Nyavu za jarife ni moja ya sababu kubwa za uhaba huo. Wa pili, yule wa hadithi, bado ana nguvu zake.

Mutu, mtoto wa bara, alimchukua nguva huyo akampeleka London. Mwaka 2014, katika nyumba ya sanaa ya Victoria Miro, alifungua maonyesho yaliyoitwa kwa Kiswahili safi Nguva na Nyoka. Ndani mlikuwa na filamu iitwayo Nguva, ambamo kiumbe wa kike anatoka baharini na kutangatanga nchi kavu kwa udadisi na uchokozi. Mlikuwa na nyoka aliyelala, mwenye urefu wa zaidi ya mita 9, tumbo limevimba kwa alivyomeza, na kichwa cha udongo uliochomwa kikiwa na uso wa mtu. Katika kazi za kipindi hicho utakuta pia chai na kahawa, mazao yaliyoigeuza sura ya milima ya Kenya, yakitumika kutia rangi.

Nyoka naye ana historia kwake. Mwaka 2003 Mutu alitengeneza kazi kwa heshima ya Funmilayo Anikulapo-Kuti, mpigania haki za wanawake wa Nigeria na mama yake mwanamuziki Fela Kuti. Katika kazi hiyo, Yo Mama, mwanamke ameketi ametulia, na mwili mrefu wa nyoka unavuka anga ya waridi. Kichwa cha nyoka kimekatwa, kiko chini ya kisigino chake. Hawa wa Edeni, safari hii, hakudanganywa.

Kisha nguva akawa shaba. Sanamu ya Water Woman, yaani mwanamke wa maji, iliwekwa mwaka 2017 kwenye bustani ya Laguna Gloria huko Austin, Texas, kando ya maji. Ni mweusi, ameketi, mkia umejikunja ubavuni, uso umetulia. Hana nywele ndefu za dhahabu wala kioo cha kujitazama, vile vitu ambavyo katuni za Marekani zimewafundisha watoto wetu kuvitafuta kwa nguva. Kwangu hii ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na nasema hivyo nikijua kwamba wengi watachagua wale wa vidaka. Wale wanalijibu jengo. Huyu hajibu mtu.

Je, wajua jinsi sanamu ya shaba inavyozaliwa? Umbo la kwanza hufanywa kwa udongo au nta. Nta hufunikwa kwa tabaka za kitu kinachohimili moto, kisha hupashwa joto, nta ikayeyuka na kutoka, ikaacha uwazi wenye sura ileile. Uwazi huo ndio kalibu. Shaba iliyochanganywa na bati humiminwa humo ikiwa na joto la nyuzi zipatazo 1,100. Mafundi wa Ife na Benin, katika Nigeria ya leo, walikuwa mabingwa wa njia hii karne nyingi kabla ya jengo lolote la New York kuwa na kidaka. Faida yake ni kwamba shaba hukumbuka kila kitu: alama ya dole gumba, unyuzi wa jani, ufumo wa ukili.

Ufumo huo ndio uliompa Mutu mojawapo ya kazi zake nzito. Katika sanamu za Shavasana, za mwaka 2019, mkeka wa shaba umefunika mwili uliolala chini. Kinachoonekana ni mikono na miguu, na miguuni kuna viatu vya mtindo. Jina ni la mkao wa mwisho katika yoga, mkao wa maiti. Mwaka 2021 sanamu hizi ziliwekwa San Francisco, katika ua wa makumbusho ya Legion of Honor, ilipo sanamu ya Mwanafikra ya Rodin. Mzungu anaweza kuhitaji maelezo ya jina. Mtu wa kwetu akiona miguu imetokeza kwenye mkeka hahitaji kuambiwa lolote. Hapohapo uani aliweka pia mwanamke aliyeungana na mamba na mwingine aliyeungana na taa, yule samaki bapa wa mbawa pana.

Filamu zake nazipitia haraka, ila moja haivukiki. Mwaka 2005 alijirekodi akitembea kuingia baharini kwa vazi jeupe, akiimba wimbo wa kanisani Amazing Grace kwa Kigikuyu. Mtunzi wa wimbo huo, John Newton, alikuwa nahodha wa meli za watumwa kabla ya kuwa mchungaji. Mwaka 2013 Mutu alitengeneza filamu ya katuni pamoja na mwanamuziki Santigold: jitu la kike linaelea angani, linakula kundi zima la ndege, mwili wake ni taka na vidonda vinavyofuka. Miaka miwili baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya Venice yaliyosimamiwa na Mnigeria Okwui Enwezor, akaonyesha filamu ambamo yeye mwenyewe anapanda kilima akiwa na kikapu kichwani. Kila hatua mzigo unakua. Vyombo vinaongezeka, gurudumu la baiskeli, kisha majengo. Mgongo unainama hadi karibu na ardhi, na mwishoni ardhi yenyewe inammeza. Yeyote aliyekutana na mama mwenye mzigo wa kuni kwenye miteremko ya Mlima Kenya amekwisha kuiona nusu ya kwanza ya filamu hii.

Je, wajua kwamba mkoko hupumua kwa mizizi? Tope la mikokoni halina hewa, kwa hiyo aina nyingine husimamia mizizi iliyo juu ya maji kama miguu mingi, na nyingine huchomoza vijiti kutoka topeni kwenda juu. Mwaka 2022 Mutu alitengeneza sanamu ya shaba iitwayo In Two Canoe: viumbe wawili ndani ya mtumbwi, miili yao nusu watu nusu mimea, viungo vyao vikinyooka kama mizizi ya mkoko. Iliwekwa Storm King, bustani kubwa ya sanamu kaskazini mwa jiji la New York. Mwaka uliofuata makumbusho ya New Museum yalikusanya kazi zake zaidi ya 100 kwa pamoja, na ndipo wengi walipoweza kutembea kutoka karatasi hadi udongo hadi shaba kwa mchana mmoja.

Na mwaka 2025 akaingia Galleria Borghese, Roma. Humo kuna sanamu ya marumaru ya Bernini, ya miaka ya 1620, ya binti Daphne anayemkimbia mungu Apollo. Anapokaribia kukamatwa anageuka mti: vidole vinachipua majani, vidole vya miguu vinazama kuwa mizizi. Ni kazi ya ajabu, na majani yale ya jiwe ni membamba kiasi cha kupitisha mwanga. Lakini kwa Daphne kuwa mti ni kuponea chupuchupu, na gharama yake ni kunyamaza milele. Kwa Mutu, mwanamke mwenye mizizi, magamba au mkia hajaponea kitu. Amezidi kuwa na nguvu.

Kazi hizi nyingi ziko Marekani na Ulaya, katika makumbusho ambayo nauli yake peke yake humshinda mwalimu wa sanaa wa Machakos au Tanga. Ningependa kuiona Water Woman ikikaa hata miezi sita kwenye ukuta wa bahari Lamu, au Mombasa chini ya Fort Jesus, au Kilwa Kisiwani. Wavuvi wangekuwa na maoni yao juu ya mkia ule, na wapo wazee waliowahi kumwona nguva hai. Maoni hayo ningelipa nauli kwenda kuyasikiliza.